Cheni inalia tena siku mbili baada ya kuwekwa mafuta: uweke nini, na uweke vipi

Swali nimeletewa na dada mmoja anayeenda kazini kwa baiskeli kila siku, kama kilomita 12 kwenda na 12 kurudi, nusu lami nusu vumbi. Anasema cheni ilianza kulia kwi kwi kwi, akapuliza WD-40 (ile dawa ya kopo ya kupuliza kwenye vyuma) ikanyamaza, siku ya pili ikaanza tena, akapuliza tena, na sasa cheni ni nyeusi tii, suruali inachafuka na kelele iko palepale. Mtu mmoja kamwambia apake grisi, mwingine oili ya injini, wa tatu kasema nta ndo mpango mzima. Anauliza nani yuko sawa, na hiyo kitu inawekwaje.

Dada asante kwa swali, na pole. Kabla sijakwambia chupa ipi naomba kwanza uinamie uiangalie cheni yenyewe dakika moja, maana ukishaelewa mafuta yanafanya kazi wapi, mengine karibu yote yanajijibu. Cheni ni pingili zilizoshikana, kutoka pini moja hadi pini inayofuata ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, na baiskeli ya gia kama yako inakuwaga na pingili kama 114 hivi. Kila kiungo kina pini katikati, ina mabamba mawili ya nje yaliyobanwa kabisa kwenye hiyo pini, mabamba mawili ya ndani yanayozunguka juu ya pini, na rola, kale kamviringo kanakokaa kwenye meno ya gia. Ni ubunifu wa zamani sana huu, Hans Renold aliutengeneza kule Uingereza mwaka 1880 na mpaka leo kanuni ni ileile, mi kila nikifungua cheni bado naishangaa.

Sasa chuma kinasuguana na chuma wapi? Sio nje. Kinasuguana kati ya pini na bamba la ndani, na kwa ndani ya rola, sehemu ambazo macho hayaoni na kidole hakifiki. Huko ndo mafuta yanatakiwa yawe. Yale ya nje, yale unayoyaona yanang'aa na kukupaka suruali, yanasaidia kidogo tu kuzuia kutu, kulainisha hayalainishi chochote, kazi yake kubwa ni kukamata vumbi. Na vumbi likikutana na mafuta linageuka kitu kama ile dawa ya mafundi wa magari ya kusagia valvu, inakula chuma polepole kila unapokanyaga pedali.

Na viungo hivyo vinafanya kazi kuliko watu wanavyodhani. Chukua mtu anakanyaga mizunguko 70 kwa dakika, gia ya mbele ina meno 44, cheni ya pingili 114, hapo cheni nzima inazunguka kama mara 27 kila dakika. Kila mzunguko kiungo kimoja kinajikunja kikiingia gia ya mbele, kinajinyoosha kikitoka, kinajikunja tena nyuma, kinajinyoosha, alafu kinapita kwenye vile vigurudumu viwili vidogo vya chini hivohivo, jumla mara 8. Zidisha kwa saa moja unapata karibu mara 13,000 kwa kila kiungo. Kwahiyo ukiniona nasisitiza sana mambo ya kusafisha na kufuta usinichoke, ni kwa sababu kama kuna chembe ya mchanga humo ndani basi inasaga mara 13,000 kwa saa.

Tuje kwenye WD-40 yako. Sio kitu kibaya na hata hukufanya kosa la ajabu, wengi wanaanzia hapo. Jina lenyewe linaeleza, ilitengenezwa mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma, WD ni kifupi cha Kiingereza cha hilo (Water Displacement), na 40 ni jaribio la arobaini. Ile ya kawaida sehemu kubwa ni kiyeyushi, mafuta yaliyomo ni kidogo na ni mepesi sana. Ukiipuliza inaingia ndani haraka, inayeyusha mafuta ya zamani yaliyobaki, kelele inakatika kwa sababu kuna unyevu, alafu kiyeyushi kinapaa na kinachobaki ni utando mwembamba usiohimili mzigo wa cheni. Kwahiyo ulikuwa unafanya mambo mawili kwa pamoja bila kujua, unaosha mafuta mazuri yaliyokuwa ndani na unalowanisha nje ili vumbi lishike. Ndo maana cheni imekuwa nyeusi huku ndani imekauka. (Kampuni hiyohiyo inatengeneza pia mafuta maalum ya cheni za baiskeli, hayo ni mengine, soma chupa usichanganye.) Ile ya kawaida bado ina kazi zake, mfano cheni imelowa mvua na huna muda, puliza kufukuza maji, futa, alafu baadae uje uweke mafuta yenyewe.

Aliyekwambia grisi. Huyu nia yake njema na kuna ukweli kidogo, maana cheni mpya kutoka kiwandani nyingi zinakuja na kitu kizito kinachofanana na grisi na kinadumu vizuri kweli. Tofauti ni kwamba kiwandani inaingizwa ikiwa ya moto na nyepesi, inapenya mpaka kwenye pini ndo inaganda. We ukiipaka kwa kidole ikiwa baridi inabaki juu ya mabamba, ndani haifiki hata kidogo, na kwenye barabara ya vumbi siku tatu tu cheni yako itakuwa na koti la matope. Kama kuna mtu kakupa vaselini kwa kazi hiyohiyo, jibu ni lilelile. Grisi peleka kwenye beringi, huko ndo kwao.

Oili ya injini. Hapa mi sio mkali kama wengine. Oili mpya ya injini inalainisha cheni, haiiharibu, na kama ndo ulichonacho ni bora mara mia kuliko cheni kavu. Shida yake ni nzito kiasi, inanata, inakusanya uchafu haraka, kwahiyo ukiitumia weka kidogo sana na ufute sana, na ukubali kwamba utasafisha mara kwa mara. Ila nakuomba usikubali oili chafu, ile iliyomwagwa kutoka kwenye gari au pikipiki. Imejaa masizi na vumbi la chuma la injini, unaenda kuziweka palepale kwenye pini ambapo hutaki chembe yoyote, na isitoshe ni hatari kwa ngozi, ukiishika mara kwa mara kwa muda mrefu inahusishwa na saratani ya ngozi. Hiyo iache kabisa.

Mafuta ya kupikia nayo watu wanayauliza. Siku ya kwanza yatakudanganya, cheni itanyamaza vizuri, baada ya muda hewa inayageuza yanakuwa gundi, na gundi ile kuitoa kwenye viungo ni kazi. Mafuta ya cherehani ni safi na yanapenya vizuri sana, ila ni mepesi, mvua moja yameondoka, kwahiyo yanamfaa mtu anayeendesha kidogo na pakavu na yuko tayari kurudia kila wiki. Mafuta ya msumeno wa mnyororo yale ya kukatia miti yako upande mwingine kabisa, yananata kwelikweli, mvua haiyatoi kirahisi, lakini kwenye vumbi ni balaa.

Sasa yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya cheni za baiskeli. Utakuta yamegawanyika makundi mawili makubwa, ya hali ya mvua na ya hali ya ukavu. Ya mvua ni mazito kidogo, yanashika, yanadumu safari ndefu na maji hayayaoshi haraka, ila yanakusanya vumbi. Ya ukavu yamechanganywa na kiyeyushi ambacho kinapaa na kuacha utando mwembamba, mara nyingi una nta au Tefloni au kitu cha aina hiyo, hayanati sana kwahiyo vumbi halishiki sana, ila yanaisha mapema na mvua ikinyesha ndo basi tena. Utaona chupa nyingine zimeandikwa seramiki, usibabaishwe na hilo neno, kwa safari za kazini mtu hatoona tofauti, tofauti kubwa inatoka kwenye usafi.

Na huyo wa nta? Kusema ukweli huyo ana hoja nzito kuliko wote, ila hajakwambia kazi iliyopo nyuma yake. Nta ya parafini (sio mafuta ya taa, naongelea ile nta ngumu nyeupe) ikiyeyushwa na cheni ikatumbukizwa humo, inaingia mpaka kwenye pini na ikipoa inaganda, inakuwa kitu kigumu kikavu ambacho vumbi halina pa kushika. Cheni ya nta unaweza kuishika ukatoka na kidole karibu kisafi. Kwenye vumbi hakuna kitu kinaishinda. Lakini lazima kwanza cheni isafishwe mafuta yote kabisa, hata yale ya kiwandani, la sivyo nta haishiki kwenye chuma. Inabidi uifungue cheni kila mara, kwahiyo uwe na ile pingili ya kufungulia, yaani pingili maalum inayofunguka na kufungwa, na zile za cheni nyembamba za gia 11 na 12 kila kiwanda kinasema chake kuhusu kuzitumia tena baada ya kufungua, soma maelezo yake. Na kuyeyusha usiweke sufuria ya nta moja kwa moja kwenye moto, nakusihi, nta ikizidi joto inawaka kama mafuta mengine. Weka chombo cha nta ndani ya sufuria ya maji, maji hayapiti nyuzi 100 kwahiyo nta nayo haipiti hapo, inayeyuka vizuri tu. Tumbukiza cheni kavu, itikise, iache dakika kama kumi ili chuma chenyewe kipate joto na mapovu ya hewa yatoke, zima moto, subiri nta ianze kuweka utando juu ndo uitoe uitundike. Ikipoa itakuwa ngumu kama fimbo, ikunjekunje kila kiungo kwa mkono mpaka ilegee. Ikilowa mvua ikaushe siku hiyohiyo maana nta haikingi kutu kama mafuta. Nta ya mishumaa ya rangi au yenye manukato sikushauri, tafuta iliyo safi. Siku hizi kuna pia nta ya maji kwenye chupa ya kudondoshea, hiyo ni njia ya katikati, bado inataka cheni iwe safi kabisa mara ya kwanza.

Kwako wewe, kilomita 24 kwa siku, nusu vumbi, na hujawahi kufungua cheni, ningekwambia chukua mafuta ya hali ya ukavu au hiyo nta ya chupa msimu wa jua, alafu mvua zikianza hamia ya hali ya mvua. Ukitaka chupa moja tu ya mwaka mzima basi ya mvua, uweke kidogo na ufute kwa bidii. Ukishazoea na ukaipenda kazi, hamia nta ya kuyeyusha. Usichanganye nta juu ya mafuta, utapata uji mweusi usio huku wala kule.

Haya, kusafisha. Hii ndo sehemu watu wanairuka na ndo hasa iliyokuangusha. Ukiweka mafuta mazuri juu ya cheni chafu unaupeleka uchafu ndani, mafuta yanaubeba vilevile. Nishapokea baiskeli yenye cheni iliyotiwa mafuta ya bei kubwa, inasaga kama kinu, nikaisafisha tu na kuweka mafuta ya kawaida kabisa ikanyamaza, mwenyewe hakuamini kwamba sikubadilisha kitu.

Kwa cheni yako ilivyo sasa hivi, mara hii moja safisha kwelikweli. Mafuta ya taa yanafaa vizuri, dizeli pia ila inaacha mabaki mengi. Petroli usitumie, najua mafundi wengi wanaitumia na inasafisha haraka, lakini mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi ya chini ya sifuri, cheche moja tu ya swichi au sigara ya jirani inatosha, hakuna cheni ya kufia. Kama unaweza kuitoa cheni, itie kwenye chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, mimina mafuta ya taa iifunike, funga, tikisa dakika mbili tatu, mwaga kwenye chombo, rudia na mengine masafi mpaka yanayotoka yasiwe meusi. Mchanga utauona mwenyewe umetulia chini, na hapo ndo utaelewa kelele ilikuwa inatoka wapi. Kama huwezi kuitoa, chovya mswaki wa zamani, sugua cheni kipande kwa kipande juu na chini na pembeni huku unazungusha pedali kinyumenyume, uchafu unatiririka kwenye tambara uliloshika chini. Usisahau meno ya gia mbele na nyuma na vile vigurudumu viwili, uchafu ukibaki huko cheni safi inauchukua mzunguko wa kwanza tu. Mafuta ya taa machafu usiyamwage chini wala mtaroni, yaache kwenye chupa siku moja uchafu uzame, yale masafi ya juu yatakufaa tena.

Breki zako sijui ni za aina gani ila kama ni za diski kuwa makini mno hapa, tone moja la mafuta kwenye diski au pedi na breki zinaanza kupiga kelele na kuteleza, na pedi ikishanyonya mafuta mara nyingi ndo imekwenda. Hata za rimu, rimu ikipata mafuta breki haishiki. Ndo maana sipendi chochote cha kupuliza karibu na gurudumu la nyuma, bora chupa ya kudondosha. Kama lazima upulize, funika diski na mfuko.

Kitu kingine, cheni ikiwa na kutu usiiloweke kwenye siki wala asidi wala dawa kali ya kutolea kutu, na magadi makali nayo hivohivo. Itatoka inang'aa utafurahi, lakini chuma kigumu cha cheni kikikaa kwenye kemikali hizo kinaweza kuwa dhaifu kwa ndani, kinapata nyufa usizoziona, kinakatika siku umesimama kwenye pedali unapanda mlima. Kutu kidogo ya juu inaondoka kwa mafuta na brashi. Kutu iliyoingia mpaka pingili zinakataa kujikunja, hiyo cheni badilisha.

Ukishaosha iache ikauke kabisa. Kabisa dada, sio kufuta tu. Mafuta ya taa yaliyobaki ndani ya viungo yatayeyusha mafuta mapya na utarudi kulekule kwenye hadithi ya WD-40. Ianike juani au iache usiku mzima.

Kuweka mafuta sasa. Tikisa chupa kama ni yale yenye nta au Tefloni. Tafuta pa kuanzia, ile pingili ya kufungulia inaonekana tofauti na nyingine, anza nayo ili ujue umemaliza mzunguko. Simama upande wa cheni, elekeza mdomo wa chupa kwenye mstari wa chini wa cheni, ule unaorudi nyuma, lakini kwa upande wake wa juu, yaani ndani ya duara. Tone moja juu ya kila rola. Moja! Zungusha pedali kinyumenyume taratibu kwa mkono mwingine, tone, pingili, tone, pingili, hadi urudi ulikoanzia. Matone 114 hivi ni kama kijiko kimoja cha chai tu, hiyo inatosha cheni nzima, na mtu anayeshika chupa akaibana huku anazungusha kwa kasi anatumia mara tatu yake na bado viungo vingine vinarukwa.

Ukimaliza zungusha pedali kinyumenyume kama mara 20 au 30 ili rola na pini zijikunje na kuyavuta. Mafuta yanajivuta yenyewe kwenye ule mwanya mwembamba kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, ila yanataka muda. Na hapa ndo kosa la watu wengi wanaofanya mengine yote vizuri, wanaweka mafuta asubuhi na kupanda baiskeli hapohapo, mafuta yanarushwa kwenye rimu na miguuni kabla hayajaingia ndani. Weka jioni ukirudi. Yale ya ukavu na nta ya chupa ndo kabisa yanataka masaa, kiyeyushi au maji yapae kwanza. Usiku kucha ndo vizuri zaidi.

Asubuhi futa. Shika tambara kavu lisilotoa nyuzi, zungushia cheni chini, bana, zungusha pedali kinyumenyume, geuza tambara sehemu safi, rudia mpaka halitoki na kitu. Watu wanaona uchungu, wanahisi wanafuta hela yao. Hufuti kilichoko ndani, tambara halifiki huko, unafuta kile ambacho kingekamata vumbi tu. Cheni iliyowekwa mafuta vizuri ukiigusa kwa nje inakaribia kuwa kavu. Tahadhari na vidole, zungusha kinyumenyume tu na tambara lisiwe na ncha zinazoning'inia karibu na meno ya gia, maana meno yakishika tambara na kidole kinafuata, na usijaribu kabisa kwenye baiskeli ya gia moja ambayo gurudumu linazunguka pamoja na pedali.

Mara ngapi? Mi sipendi kutoa namba ya kilomita kama sheria kwa sababu kilomita 100 za lami kavu sio kilomita 100 za tope. Kwa safari yako, futa kwa tambara kavu mara moja kwa wiki, dakika moja tu inatosha, alafu weka mafuta kila baada ya wiki moja hadi mbili, na kila baada ya mvua siku hiyohiyo. Sikiliza pia. Cheni yenye mafuta ina mlio mlaini, ikianza kuwa na sauti ya ukavu, ile ya chuma inachakarika kabla hata ya kulia, ndo muda wake. Ukisubiri mpaka ilie kwi kwi umeshachelewa, kilio ni chuma kitupu kinagusana. Na cheni mpya ukinunua usiioshe mafuta ya kiwandani, isipokuwa unaenda kwenye nta, futa nje tu uiendeshe.

Ukifanya haya yote na bado kuna mlio, usiikazanie cheni. Nimekuta mara nyingi kinacholia ni vile vigurudumu viwili vya chini, vinazunguka kwenye kibushi kidogo kikavu na mlio wake unafanana sana na wa cheni. Tone moja kila upande wa katikati yake, zungusha, sikiliza. Mlio wa tak mara moja kila mzunguko wa pedali unatafutwa kwenye pedali au beringi za katikati. Na kama cheni inaruka, inatoa kishindo na mguu unaanguka ukikanyaga kwa nguvu, hilo mafuta hayatibu, ni uchakavu, au pingili moja imekakamaa.

Hicho cha uchakavu ndo ninachokihofia kwako, kwa sababu umeiendesha muda ikiwa kavu na ina mchanga. Watu wanasema cheni imevutika, kumbe mabamba hayajavutika hata kidogo, ni pini zimelika, kila kiungo kimepata nafasi ndogo na zikijumlishwa cheni inakuwa ndefu. Pima ikiwa imeshaoshwa. Kaza cheni, weka rula ya chuma katikati ya pini moja, hesabu pini 24 kutoka hapo bila kuhesabu ya mwanzo. Ikiwa mpya hiyo ya 24 inaangukia inchi 12 kamili, yaani milimita 304.8. Ikizidi kwa milimita moja na nusu hivi, ni kama nusu ya asilimia moja, badilisha cheni na gia zako zitapona. Fikiria, hiyo ni kama sehemu sita za mia za milimita kwa kila kiungo, karibu unene wa unywele, na tayari imetosha. Ikizidi kwa milimita 3, meno ya nyuma nayo yameshafuata umbo la cheni mbovu, cheni mpya itaruka juu yake, itabidi ubadilishe vyote viwili. Kwahiyo osha leo, pima kesho ikikauka, kabla hujanunua chupa yoyote, alafu niandikie umepata milimita ngapi na gia za nyuma ziko ngapi, kwa sababu upana wa cheni unategemea hizo gia na sitaki ununue isiyoingia.